Mzazi Haulizwi Mambo ya Ofisi

Nianze na mkurugenzi wetu, maana hasira zangu huanzia kwake na mara nyingi huishia kwake pia. Ni mtu mwema. Mfanyakazi akifiwa, yeye anafika kabla turubai halijafungwa. Lakini ana ugonjwa mmoja usio na dawa: hawezi kuvumilia kitu kinacholipiwa halafu kimekaa. Taa ya chooni ikisahauliwa, ataacha kikao na wageni wake aende kuizima mwenyewe. Gari likilala uani siku mbili, analitafutia mzigo. Basi mwenzetu wa Iringa alipokwenda likizo ya uzazi, mkurugenzi aliketi ofisini kwake hapa Mbeya, akafungua ankara ya barua pepe za kampuni, akaliona jina la mwenzetu, na akasema moyoni kwamba huyu hatumii.

Akampigia fundi wetu wa kompyuta, jamaa wa mtaa wa Soweto hapahapa Mbeya anayetuuzia leseni na kututengenezea printa, akamwagiza amshushe daraja. Kutoka leseni kubwa, ile yenye sanduku pana na hifadhi ya barua za zamani, hadi leseni ndogo kabisa, ile wanayopewa walinzi na madereva ili wasome matangazo. Fundi hakuuliza swali. Mimi sikuulizwa, nami ndiye meneja wa ofisi, cheo ambacho maana yake ni kwamba kitu kikiharibika nalaumiwa mimi, ila kabla hakijaharibika hakinihusu.

Kampuni yetu ni ndogo. Tunanunua parachichi kwa wakulima wa Mbeya na Iringa, tunazichambua, tunawauzia wanaosafirisha nje. Ofisi ya Iringa ina mtu mmoja tu, huyo mwenzangu, bibi shamba kwa elimu na kwa miguu. Kazi yake kubwa ilikuwa kikundi cha wakulima wa Kilolo waliotaka cheti cha kilimo hai. Cheti hicho si cha kuomba leo ukapata kesho. Shamba linatakiwa likae miaka mitatu bila dawa ya kiwandani wala mbolea ya dukani, na lazima uoneshe kwamba miaka yote hiyo kulikuwa na mtu analikagua. Yeye ndiye aliyekuwa akilikagua. Kila akipanda Kilolo alipiga picha za miti, akaandika aliyoyaona, na hapohapo shambani, mtandao ukipatikana, akazituma kwa barua pepe kwenda kwake mwenyewe, nakala kwa mkurugenzi. Hilo ndilo lilikuwa kabati lake. Mkaguzi alimwambia tangu mwanzo kwamba anapenda barua pepe kuliko karatasi, kwa sababu tarehe yake mtu hawezi kuibandika baadaye.

Nakala za mkurugenzi hazikuwa za kutegemea. Mkurugenzi hufuta barua pepe kama mtu anayefagia uwanja. Akishasoma anafuta, na asiposoma anafuta vilevile. Na simu ya zamani ya mwenzangu, ile iliyopiga picha za mwaka wa kwanza, iliibiwa stendi. Kwa hiyo mwaka wa kwanza wa wakulima wa Kilolo ulikuwa umebaki mahali pamoja tu duniani, na mahali penyewe ndipo mkurugenzi alipopaona pamekaa bure.

Nililijua jambo hili kwa bahati. Mkaguzi aliandika kwamba atakuja Kilolo mvua zikikatika. Nikamtumia mwenzangu ujumbe huo kwa barua pepe, si kwa nia ya kumsumbua, bali aukute siku atakayorudi. Ukanirudia. Sanduku la mpokeaji limejaa, halipokei. Nikadhani ni mtandao, maana Mbeya mvua ikinyesha hata simu hukohoa. Nikatuma tena, ukarudi tena. Ndipo nikampigia fundi.

Fundi alinieleza kwa utulivu wa mtu anayesimulia ajali ya gari la mwingine. Leseni ndogo ina sanduku dogo, barua za mwenzangu zilikuwa zimelizidi mbali, kwa hiyo limejaa na haliingizi wala halitoi. Hizo zilizomo hazijafutwa, alisema, zipo tu. Nikashusha pumzi. Halafu akaongeza, kama mtu aliyekumbuka kitu kidogo, kwamba yenye shida ni hifadhi. Barua zote zilizozidi miaka miwili zilikuwa zikihamia hifadhini zenyewe, na leseni ndogo haina hifadhi kabisa, kwa hiyo hifadhi imekatwa. Mtambo unaishikilia siku thelathini tangu leseni iliposhushwa. Ukirudisha leseni ile ya zamani ndani ya siku hizo, hifadhi inarudi na kila kilichomo. Zikipita, inafutwa moja kwa moja na hakuna wa kumlilia. Nikamuuliza kama mtambo haukutoa onyo. Akasema ulitoa, ulimtumia mwenye sanduku.

Yaani onyo kwamba sanduku limejaa lilitumwa kwenye sanduku lililojaa.

Nikaenda kwa mkurugenzi nikidhani ni jambo la dakika tano. Alinisikiliza vizuri, akavua miwani, akaifuta. Tatizo, akasema, leseni kubwa inalipiwa mwaka mzima kwa mkupuo, na yeye hawezi kuirudisha kwa ajili ya picha za miti ambazo pengine ziko na kwingine. Nimuulize kwanza mwenyewe kama humo hifadhini kuna kitu cha maana. Nikamwambia basi ampigie yeye, kwa kuwa ndiye anayetaka kujua. Akanitazama kana kwamba nimemtuma akaibe kanisani.

"Mimi? Nimpigie mzazi simu ya kazi? Wakwe zake watanionaje?"

Kwa wasiojua mambo ya huku kwetu, nieleze. Mwanamke akijifungua, yuko ndani. Hapiki, hafui, haendi shambani, hapelekewi habari mbaya, mpaka arobaini ipite. Anakunywa uji wa ulezi wenye pilipili manga, anakandwa kwa maji ya moto, anakula supu ya kuku. Kazi yake ni moja, kunyonyesha. Na mawazo, kama mama mkwe yeyote wa nyanda hizi atakavyokuambia, yanakata maziwa. Mimi nimezaa watatu, na katika uzazi wa pili mama mkwe wangu alinificha msiba wa shangazi yangu. Niliambiwa siku natoka arobaini, shangazi akiwa amezikwa zamani. Nilikasirika, lakini sikumwona mtu hata mmoja aliyekubali kwamba nina haki ya kukasirika. Kwa hiyo simlaumu mkurugenzi kwa kuheshimu uzazi. Namlaumu kwa kuwa heshima hiyo hakuikumbuka siku alipoagiza leseni ishushwe.

Nikajaribu kupiga mwenyewe. Simu ya mwenzangu haikupatikana asubuhi, haikupatikana jioni. Nikampata mume wake, dereva wa malori, akiwa Tunduma kwenye foleni ya mpakani. Akacheka. Simu ya mke wake, akasema, imezimwa, na mama mkwe wa mzazi ameifungia. Hata yeye baba mtoto akitaka kumsalimia mkewe anapitia simu ya mama. Nikitaka chochote, niende nikaonane na mama huko kwake Kilolo, mzazi aliko.

Sasa hesabu ilikuwa nyepesi na ya kuudhi. Mtambo ulitoa siku thelathini, uzazi unataka arobaini, na leseni ilishushwa hata kabla mtoto hajazaliwa. Aliyeutengeneza mtambo ule nina hakika hakuwahi kuwa na mama mkwe.

Nikaomba ruhusa, nikafunga safari. Mkurugenzi alifurahi sana, akasema nimpelekee mzazi salamu, na nikipata upenyo, kwa hekima, nimgusie. Mtu kuomba jambo lifanyike kwa hekima maana yake ni kwamba halifanyi yeye. Mkono mtupu haulambwi, kwa hiyo nilinunua sokoni Mwanjelwa doti ya kanga, sabuni na sukari, na basi liliposimama Igawa nikaongeza mchele, maana mchele wa Mbarali huwezi kuupita barabarani ukiwa unakwenda kwa watu. Nikalala Iringa mjini. Kesho yake nikapanda Kilolo kwenye baridi ile inayoingia mpaka kwenye meno, barabara nyekundu, ukungu umekalia misonobari, na mimi njia nzima narudia kimoyomoyo sentensi moja: kuna jambo dogo tu la kazi.

Mama mkwe alinipokea mlangoni. Mrefu, mkavu, kitambaa cheupe kichwani kimefungwa kama cha ibada. "Kamwene," akanisalimu, nami nikaitikia kwa Kihehe changu cha kuombea maji, nikapiga goti kidogo, nikatoa shikamoo juu yake ili nisikosee popote. Aliipokea mizigo, akaupima mchele mkononi, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nikaingizwa chumbani.

Kulikuwa na joto zuri la jiko la mkaa. Mwenzangu alikuwa amenenepa, uso unang'aa, amekaa juu ya kitanda na mtoto wa kiume mwenye mashavu ya kutosha watoto wawili. Nilimpenda yule mtoto palepale, na hilo halikunisaidia. Tukazungumza mambo ya uzazi: jinsi uchungu ulivyomshika wakiwa mjini, jinsi walivyofika hospitali ya Tosamaganga kwa wakati, jinsi mtoto alivyotoka akilia kabla hajapigwa. Nikanywa chai. Nikala viazi. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mlango, anamenya viazi vingine vya jioni, mgongo kautupa ukutani, masikio yote kwetu.

Mwenzangu mwenyewe ndiye aliyenifungulia njia. Akauliza kama ofisini wazima.

"Ofisini wazima," alijibu mama mkwe kabla yangu. "Ongeza chai, mgeni."

Nikaweka kikombe chini. Nikasema ile sentensi yangu, kwamba kuna jambo dogo tu la kazi. Kisu cha mama mkwe kikasimama katikati ya kiazi. Hakupandisha sauti hata kidogo.

"Mwanangu, umekuja kumwona mzazi au umekuja kazini? Chagua moja. Kama ni kazi, nitakutolea kiti nje."

Mwenzangu aliinamisha macho kwa mtoto na kutabasamu, tabasamu la mtu ambaye vita hii alishashindwa siku ya kwanza na sasa anafaidi amani yake. Nikasema nimekuja kumwona mzazi. Nikaongeza chai. Nilikuwa nimesafiri mikoa miwili nikiwa na ujumbe wa dakika mbili, na nikaumeza pamoja na kiazi. Nilitamani kulia kwa hasira, kisha mtoto akapiga chafya na sote tukamwombea afya.

Nilipoaga, mama mkwe akanisindikiza. Hakunipitisha njia niliyojia. Akanizungusha nyuma ya nyumba, tukashuka kwenye mteremko, na hapo nikayaona: mistari ya miparachichi, safi, imepaliwa, majani makavu yametandazwa chini ya kila mti. Alianza kunionesha mmojammoja kwa fahari ambayo hakuwa nayo hata alipomwonesha mjukuu wake. Huu ulishambuliwa na wadudu mwaka ule wa kwanza. Ule nusura ufe. Mdogo wake alimletea bomba la dawa kwa huruma, akamrudishia bomba na dawa yake. Majirani walimcheka, wakasema bibi analea wadudu. Akavumilia, akatumia majivu na mkojo wa ng'ombe, maana mkwe wake alimwambia ukivumilia miaka mitatu utapata cheti, na cheti kitaleta mnunuzi atakayekuja mwenyewe mpaka hapa.

"Mwaka huu ndio wa tatu," akasema. "Mkaguzi anakuja. Mimi ndiye mwenyekiti wa kikundi, hukujua?"

Sikujua. Mwenzangu hakuwahi kusema kwamba mwenyekiti wa kikundi ni mama mkwe wake, labda kwa sababu hakutaka ionekane anapendelea. Nilisimama katikati ya miti ile nikamtazama mama yule, na hasira yangu ikakosa mahali pa kukaa. Mficha uchi hazai. Nikamwambia yote.

Nilimweleza polepole, kwa Kiswahili cha nyumbani. Kwamba picha za mwaka wa kwanza, zile ambazo mkwe wake alizipiga hapahapa, hazimo kwenye simu. Ziko mahali panapolipiwa, malipo yamepunguzwa, na wiki ijayo pataondolewa na vyote vilivyomo. Kwamba mkurugenzi anataka kusikia neno moja tu kutoka kwa mwenye kazi. Kwamba ushahidi wa miti hii unasubiri simu aliyoifungia. Nikamwomba ampe mzazi simu dakika mbili.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akaushika mti uliokuwa karibu.

"Na miti si hii hapa? Aje aiangalie."

Nikamwambia mti hausemi ulipigwa dawa au haukupigwa miaka mitatu iliyopita. Akafikiri. Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitarajia: mkwe wake akiambiwa, atafanya nini, atajibu tu alale? Sikuweza kumdanganya. Nikasema atalia, na asubuhi atataka kushuka Iringa kwenye kompyuta.

"Ndivyo atakavyofanya. Namjua," akasema. Akatoa jani kavu kwenye kitambaa chake. "Mimi uzazi wangu wa kwanza waliniletea habari ya ng'ombe walioibwa. Niko ndani, hata kitovu hakijaanguka. Maziwa yalikata. Huyo mtoto hutamwona hapa nyumbani. Parachichi itazaa mwaka mwingine, mama. Mtoto hazaliwi mara mbili."

Najua daktari angesema kitu kingine kuhusu maziwa, lakini hakukuwa na daktari pale shambani, kulikuwa na mama aliyemzika mtoto. Nilifikiri mambo yameishia hapo. Kumbe yeye alikuwa bado anahesabu. Akaninyooshea mkono, akasema nimpigie huyo mkurugenzi wangu, atazungumza naye mwenyewe. Anataka neno kutoka kwa mwenye kazi? Basi mwenye miti atamjibu.

Nilipiga. Sikusikia upande wa mkurugenzi wote, nilisikia tu shikamoo zake tatu mfululizo. Mama mkwe alimwambia kwamba hicho kitu kipo, kina maana, na akirudishe kilivyokuwa. Hakusema tafadhali. Akanirudishia simu, na mkurugenzi akaniambia kwa sauti ya mwanafunzi kwamba Jumatatu jambo hilo litakuwa limekwisha, siku bado zipo.

Nilirudi Mbeya nimefurahi, mjinga mimi. Jumatatu fundi alinitumia ujumbe wa neno moja, tayari. Nikatuma barua pepe ya majaribio kwa mwenzangu, ikapita, haikurudi. Nikampigia fundi nikamuuliza, na hifadhi? Akasema hiyo itarudi yenyewe, huwa inachukua muda. Nikauliza muda gani. Akasema inategemea. Hakuna neno ninalolichukia katika kazi za kompyuta kama hilo la inategemea. Nilitaka kuhakikisha kwa macho yangu, lakini sanduku lile lilikuwa linafunguliwa kwa namba inayotumwa kwenye simu ya mwenye nalo, na simu mnajua ilipokuwa. Mkurugenzi akaniambia nisiwe mtu wa kuona moshi kila mahali. Akapita, akazima taa ya korido.

Arobaini ikaisha. Mwenzangu akatoka ndani, akapewa simu yake, na kabla hata ya kumaliza likizo akashuka ofisini Iringa, mtoto mgongoni, kuandaa barua za kumwonesha mkaguzi. Akanipigia. Alikuwa mchangamfu mwanzoni. Aliniambia barua za mwaka huu anaziona, za mwaka jana anaziona. Nikamsikia akibonyeza, akibonyeza. Kisha sauti ikashuka.

"Dada, mwaka wa kwanza uko wapi?"

Nikaenda nikamkalia fundi mpaka akafungua ankara mbele yangu. Mkurugenzi hakurudisha leseni kubwa. Alipoona leseni ziko za madaraja matatu, akachagua ya katikati. Fundi alimwambia ya katikati ina sanduku kubwa vilevile, na kweli ilikuwa nalo. Ila haina hifadhi. Hifadhi ilibaki imekatwa, siku zake zikaisha moja baada ya nyingine wakati sisi tukijipongeza kwamba barua zinapita, na mtambo ukafanya ulichosema utafanya. Niliuliza kama tukinunua kubwa leo itarudi. Fundi akasema itakuja hifadhi mpya. Tupu. Maji yakimwagika hayazoleki, na haya yalimwagwa na mtu aliyekuwa anabana bomba lisivuje.

Mkurugenzi alisikitika kwelikweli, siwezi kumsingizia. Alisema sisi tulimwambia sanduku limekuwa dogo, naye akalikuza. Halafu, kwa uso wa mtu asiye na hila, akamwambia mwenzangu kwenye simu kwamba siku nyingine kabla ya kwenda likizo awaeleze wenzake kilichomo. Mwenzangu, ambaye ana adabu kunishinda, akasema ndiyo mzee. Mimi nilisema mengine. Bado nina kazi, kwa hiyo huenda hakuyasikia vizuri.

Mkaguzi alipokuja nilikuwepo. Nilijitolea kwenda, sikutaka mwenzangu asimame pale peke yake. Alikuwa mtu mpole, wala sikupata hata mtu wa kumchukia. Alipita miti yote, akachimba udongo akaunusa, akalisifu shamba. Kisha akakaa na mwenzangu chini ya upenu, akaziona barua za miaka miwili, akauliza za mwaka wa kwanza. Mwenzangu akaeleza. Mkaguzi alisikitika naye, akasema anaamini kila neno, lakini kuamini si kazi yake. Kikundi kitahesabiwa kuanzia barua ya kwanza inayoonekana. Wasubiri mwaka mmoja zaidi.

Mama mkwe alikuwa amesimama, mjukuu mgongoni. Hakuniangalia mimi wala hakumwangalia mkwe wake, ambaye machozi yalikuwa yanamdondoka bila sauti. Alimwangalia mkaguzi.

"Kwa hiyo mwaka ule sikulima?"

"Ulilima, mama," mkaguzi akasema. "Ila mimi sina pa kuuonea."

Akaitikia kwa kichwa. Akaenda jikoni, akaleta chakula, kwa sababu mgeni ni mgeni, na wote tukala. Mimi nilikula nikiona aibu ya kampuni nzima, aibu ya watu wenye heshima sana, tulioogopa kumsumbua mzazi kwa neno moja lakini hatukuogopa kumfutia mwaka.

Leseni kubwa imerudi sasa, nililazimisha mpaka ikarudi, na imeandikwa kwa kalamu nyekundu ukutani kwa mkurugenzi kwamba haiguswi. Mwenzangu anaendelea kupanda Kilolo. Kuna jambo moja limebadilika. Mama mkwe hakubali tena mti upigwe picha peke yake. Anasimama kando yake, kitambaa cheupe kichwani, amekaza uso, mtoto mgongoni, ili mwaka mwingine wasimwambie kwamba hakuwepo. Na kila baada ya picha kutumwa, ananipigia mimi, yeye aliyekuwa akifungia simu za watu. Hanisalimii sana.

"Ile ya jana ipo?"

"Ipo, mama."

"Umeiona kwa macho yako?"

Zamani ningesema ndiyo tu nikaendelea na mambo yangu. Sasa namwomba asubiri. Nafungua sanduku langu, maana siku hizi nakala huja kwangu pia, natafuta, mkurugenzi akipita mlangoni na kuuliza kwa nini kompyuta inawaka saa ya chakula. Nauona mti, namwona yeye, namwona mtoto ambaye kila picha amezidi kidogo yule wa picha iliyopita, mpaka kitambaa cha mbeleko kimeanza kumshinda. Ndipo namwambia nimeiona.